MKWECHE AU MKONGWE? SOMO LA KUFUFUA MAGARI YA ZAMANI

Mpenzi msomaji, katika Chama chetu cha Kiswahili tumezoea kubishana juu ya ngeli na methali mpaka kengele inagongwa. Leo naomba ruhusa nikupeleke gereji. Usiogope grisi, maana hata huko kuna maneno ya kubishania.

Tuanze na neno mkweche. Gari lililochoka, linalotoa moshi kama jiko la kuni na kusukumwa kila asubuhi, tunaliita mkweche, na tukisema hivyo tunacheka. Lakini kuna gari jingine la umri uleule ambalo likipita, wazee husimama kando ya barabara kulitazama na kuanza kusimulia. Hilo nitaliita mkongwe. Tofauti yao ni nini? Si umri. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA kwa kifupi, lililoanzishwa mwaka wa 1966, lina masharti yake: gari liwe limefikisha angalau miaka 30, lisiwe la kutumiwa kila siku kwa usafiri, na liwe limetunzwa katika hali iliyo sahihi kihistoria. Sharti la miaka halina ubishi, kwani miaka huja yenyewe hata gari likilala kichakani. Ni lile la hali sahihi linalowatoa watu jasho, na ndilo somo langu.

Watu wengi hudhani kufufua gari la zamani ni kulifanya jipya. Unanyoosha bodi, unapiga rangi inayong'aa kama kioo, unabadilisha viti, basi. Naam, litapendeza. Ila utakuwa umefuta kila kitu ambacho gari hilo lilijua. FIVA ina Mkataba wa Turin, ulioidhinishwa mwaka wa 2013, ambao umeiga mawazo ya Mkataba wa Venice wa 1964 kuhusu majengo ya kale. Mkataba huo unatenganisha kuhifadhi na kurejesha. Kuhifadhi ni kuzuia gari lisiharibike zaidi, ukiliacha jinsi maisha yalivyolifanya. Kurejesha ni kulirudisha katika hali fulani ya zamani inayojulikana kwa ushahidi, kwa kubadilisha kile kilichopotea au kuoza. Kuhifadhi kunatangulia. Na ukilazimika kutia kitu kipya, kitie alama na ukiandike, ili atakayekuja baada yako asidanganyike. Ni kama mwalimu anavyotaka tuonyeshe njia katika Hesabu. Jibu peke yake halitoshi!

Wenye magari ya fahari walichukua muda mrefu kukubali jambo hili. Kule Pebble Beach, jimbo la California nchini Marekani, kuna mashindano ya urembo wa magari yaliyoanza mwaka wa 1950. Kwa miongo mingi zawadi kuu ilikwenda kwa magari yaliyorejeshwa mpaka yakang'aa kuliko siku yalipozaliwa. Mwaka wa 2024, kwa mara ya kwanza, zawadi hiyo ilichukuliwa na gari la kundi la yaliyohifadhiwa tu: Bugatti Type 59 ya mwaka 1934. Lilikuwa gari la mashindano, kisha likanunuliwa na Mfalme Leopold wa Tatu wa Ubelgiji, akalipaka rangi nyeusi yenye mstari wa manjano. Rangi imechakaa, na waamuzi wakaona kuchakaa huko ni mali. Kwetu Kenya tuna mashindano ya namna hii pia, Africa Concours d'Elegance, yaliyoanza 1970 na kuandaliwa na klabu ya wenye magari ya Alfa Romeo katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong Road, Nairobi.

Sasa tuje kwenye swali gumu. Ukibadilisha kitu kimoja kimoja mpaka vyote viishe, je, gari ni lile lile? Sote tunajua habari za jembe la babu: mpini umebadilishwa mara tatu na bapa mara mbili, lakini bado ni jembe la babu. Watu hucheka. Mwaka wa 1990 watu hawakucheka, kwa sababu jembe lenyewe lilikuwa na bei ya pauni milioni 10.

Gari lilikuwa Bentley Speed Six, jina lake la utani Old Number One. Lilishinda mashindano ya saa 24 ya Le mans, Ufaransa, mwaka wa 1929 na tena 1930. Mwaka wa 1932 lilipata ajali mbaya katika uwanja wa Brooklands, Uingereza, na dereva wake Clive Dunfee akafa. Baadaye likaundwa upya likiwa na bodi ya namna nyingine kabisa. Miaka ikapita, likabadilishwa tena na tena. Mwenye gari alipotaka kuliuza, wanunuzi walikubali, kisha wakakataa kulipa wakidai ati hilo si Old Number One. Kesi ikafika Mahakama Kuu mjini London.

Jaji Otton alisikiliza mafundi na wataalamu, wakachambua gari kipande kwa kipande. Ikaonekana kwamba vitu vya mwaka 1929 karibu vyote havipo. Lakini jaji aliamua kwamba gari lile lina haki ya jina lake. Kwa nini? Kwa sababu maisha yake hayakukatika. Vipande vipya viliingia kidogo kidogo kwa miaka, na hakuna Bentley nyingine duniani inayoweza kusimama na kudai jina hilo. Wanunuzi wakashindwa.

Mimi naona Kiswahili kingemrahisishia jaji kazi, maana tuna maneno mawili. Gari lile ni halisi, ila si asilia. Halisi kwa kuwa si la bandia, limetoka mbali na njia yake inajulikana. Asilia lingekuwa kama chuma kilichopita Le Mans kingekuwa ndicho chuma hiki. Uhalisi unaweza kuutetea mahakamani kwa karatasi na mashahidi. Uasilia ukishautupa jaani, hakuna jaji wa kukurudishia.

Usidhani haya ni mambo ya Wazungu na mapauni yao. Yamekaa uani kwa nyanya yangu hapa Nakuru, chini ya turubai. Ni pick-up ya Peugeot 404 ya mwaka 1972, ambayo marehemu babu alibebea magunia ya pareto kutoka Molo. Ikumbukwe kwamba 404 si gari la kuchezewa. Ilishinda Safari Rally mwaka wa 1963, 1966, 1967 na 1968, na katika ya 1963 na ya 1968 ni magari saba tu yaliyofika mwisho. Zamani zilijaa barabarani. Siku hizi waweza kukaa mwezi mzima usione hata moja.

Mjomba anataka litembee. Hoja yake ina nguvu, nisimdhulumu: gari lisilotembea hufa, na spea za 404 hazipatikani kila duka. Fundi akamwambia nyanya, "Mama, hii gari tukiiwekea injini ya Toyota na rangi ya kisasa, itakupeleka Mombasa na kurudi." Nyanya akamjibu, "Mombasa nikafuate nini, baba? Mimi nataka kuisikia ile sauti yake ikipanda Salgaa."

Mimi niko upande wa nyanya, na si kwa mapenzi tu. Injini ya petroli ya 404 imelazwa ubavu kwa nyuzi 45, na ndani yake silinda ni mabomba yanayotolewa, yaani slivu, ambayo maji ya kupoza huyazunguka. Slivu zikilika, unazichomoa na kutia nyingine pamoja na pistoni. Bloki inabaki ileile, na namba yake inabaki kulingana na ile iliyo katika kitabu cha usajili. Kichwa cha injini ni cha aluminiamu, kwa hiyo ikichemka sana kinapinda, lakini kikipinda kidogo huweza kusawazishwa kwa mashine. Basi kabla ya kusema injini imekufa, ifunguliwe ipimwe. Mtu mgonjwa hazikwi kabla ya kupelekwa hospitali.

Rangi nayo ina siri. Nyuma ya dashibodi na chini ya mipira ya milango, mahali ambapo jua halifiki, ndipo utaikuta rangi ya kiwandani. Ioshe kwa maji na sabuni laini, uone kwanza kilichobaki. Katika gari letu, ndani ya mlango wa dereva kuna hesabu ya magunia aliyoiandika babu kwa penseli. Fundi wa rangi angeimaliza kwa msasa dakika moja, tena kwa nia njema.

Kutu ni adui mwingine, na hapa sitaki mchezo. Kutu haihifadhiwi. Ukiifunika kwa filia na rangi, itakula ndani kwa ndani kama mchwa. Bati lililooza likatwe na kuchomelewa bati jipya la unene uleule, na kile kipande kibovu kiwekwe, kwa maana ndicho kielelezo cha umbo. Breki nazo, mipira na mabomba yake, ziwe mpya kabisa. Hakuna uasilia unaofaa kuua mtu. Mikanda ya usalama ifungwe kwa njia ambayo mtu anaweza kuitoa bila kutoboa bodi ovyo.

Kitu cha bei rahisi kuliko vyote ni daftari. Kabla ya kufungua nati ya kwanza, piga picha kila upande, andika namba ya chesisi na ya injini, kisha kila kinachotoka kipewe namba yake na kopo lake. Mafundi wengi hupuuza hili, halafu wiki ya tatu unawasikia wakiulizana boliti hii ilitoka wapi.

Mpaka sasa mjomba amekubali jambo moja tu: injini ya Toyota isinunuliwe kabla bloki haijafunguliwa na kupimwa likizo ya Disemba. Ikipatikana imepasuka, tutabishana upya. Mimi nimepewa kazi ya daftari, na nimefika kitu cha 63, kabureta, ambayo imelala ndani ya kopo la kimbo chini ya kitanda changu.