Bolti Zilizokwama Kwenye Foki za Pikipiki Kuukuu

Oili ikivuja kwenye foki ya mbele ya bodaboda hushuka hadi kwenye breki, na breki yenye oili haishiki. Kubadilisha sili ni kazi ndogo, ila katika pikipiki za miaka mingi fundi hukwama kwenye bolti ya chini ya foki. Huzungusha alenki, na fimbo ya ndani huzunguka pamoja na bolti.

Wengi hutoa springi kwanza, na hapo ndipo wanapokosea. Bolti hiyo ilegezwe springi na kifuniko cha juu vikiwa mahali pake, kwa kuwa springi ndiyo inayoibana fimbo. Ikiendelea kuzunguka, msaidizi aigandamize foki. Springi ikiwa imeshatoka, mpini wa fagio uliochongwa ncha husukumwa ndani kutoka juu hadi ukabane kichwa cha fimbo. Ni mbinu ya jua kali, lakini inafanya kazi.

Tundu la bolti lisafishwe ili alenki izame yote, kisha igongwe kidogo kwa nyundo. Penye kutu, oili ya kupenya iachwe usiku kucha. Bolti za ekseli zilizogandia kwenye alumini hulegea zikimwagiwa maji yanayochemka, maana alumini hutanuka kuliko chuma. Moto wa gesi karibu na tangi la petroli usikaribie.

Kifuniko cha juu husukumwa na springi na kinaweza kuruka. Kifunguliwe polepole, gurudumu likiwa limeinuliwa, mkono ukikikandamiza kwa kitambaa na uso ukiwa kando.