Dondoo muhimu: Kampuni ya kigeni inayowekeza Kalunguta

Unapanga kiwanda cha kakao Kalunguta, kati ya Butembo na Beni? Pitia kwanza ANAPI, shirika la serikali la kukuza uwekezaji, kabla hujaagiza hata mashine moja, kwani msamaha wa kodi huenda kwa mradi ulioidhinishwa. Sheria ya Uwekezaji ya 21 Februari 2002 inadai kampuni iliyosajiliwa kwa sheria za Kongo na mtaji usiopungua dola 200,000. Biashara ndogo huanzia 10,000. Kivu Kaskazini husamehewa kodi ya faida miaka 5, Kinshasa 3 tu. Ni haki kabisa, kwa barabara zetu hizi.

Msamaha hauondoi makaratasi. Kodi ya mishahara hutangazwa na kulipwa DGI, mamlaka ya kodi, kufikia tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Nakala ya idhini ikae kiwandani, mkaguzi aione hapohapo.