Wimbo unapakuliwa bure, msanii atakula nini?

SWALI: Zamani wasanii waliuza kanda na CD. Leo mashabiki wanapakua nyimbo zangu bure kwenye simu. Nitapata wapi riziki?

JIBU: Siku hizi wimbo ni tangazo lako, fedha kubwa iko kwenye shoo, mikataba ya matangazo na miito ya simu. Hata hivyo, kupakuliwa bure si lazima kuwe hasara. Mdundo, tovuti ya muziki iliyoanzishwa Nairobi, huambatanisha nyimbo za bure na matangazo mafupi ya sauti, kisha hugawana mapato na wasanii. Weka kazi zako huko mwenyewe kabla wengine hawajazisambaza kwenye tovuti zisizolipa. Kama uko Tanzania, zisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya nchi hiyo. Ukidhulumiwa, utakuwa na ushahidi wa umiliki.