Dawa za usingizi: Mbona haziendi na pombe?

JE, umewahi kukosa usingizi hata ukamwomba jirani akugawie tembe moja ya kulalia? Wengi wamefanya hivyo. Kabla ya kumeza ya pili, ni vyema ufahamu yanayotendeka ubongoni mwako.

Dawa nyingi za kutuliza wasiwasi na kuleta usingizi ni za jamii iitwayo benzodiazepini. Ya kwanza, Librium, iliyovumbuliwa na mwanakemia Leo Sternbach wa kampuni ya Hoffmann-La Roche, iliingia sokoni mwaka wa 1960. Valium, yaani diazepamu, ilifuata mwaka wa 1963. Zilipokewa kwa shangwe kwa sababu zilikuwa salama kuliko dawa za awali za jamii ya babichureti, ambazo ziliua watu wengi waliozidisha kipimo.

Mlango wenye mafuta

Seli za ubongo huwasiliana kwa kemikali. Baadhi ya kemikali hizo huchochea, nyingine hutuliza. Mtulizaji mkuu ubongoni huitwa GABA. Inapotoka katika seli moja, hushika kipokezi kilicho kwenye ukuta wa seli jirani. Kipokezi hicho ni mfano wa mlango uliojengwa kwa vipande vitano vya protini. GABA ikishika, mlango hufunguka, chembe za kloridi huingia ndani na seli hutulia.

Benzodiazepini haishiki mahali pa GABA. Ina mahali pake, kando, kwenye mlango huo huo. Ikishika hapo, umbo la kipokezi hubadilika kidogo na GABA huweza kuufungua mlango mara nyingi zaidi. Wanasayansi huita utaratibu huu alosteri, jina litokanalo na maneno ya Kigiriki yenye maana ya "umbo jingine".

Fikiria lango la chuma la ploti unakoishi. GABA ni ufunguo, dawa ni mafuta ya bawaba. Mafuta hulainisha, lakini hayawezi kufungua lango bila ufunguo. Hapo ndipo ulipo usalama wa dawa hizi. Babichureti, kinyume chake, zikizidi hulisukuma lango lenyewe likafunguka hata bila ufunguo, na mgonjwa huweza kuacha kupumua.

Hatari iko wapi?

Usalama huo huisha unapoongeza pombe. Pombe nayo hukitia nguvu kipokezi hiki kwa njia yake. Mafuta yanakuwa ya aina mbili, na pumzi hudhoofika. Hatari ni ile ile kwa dawa kali za maumivu kama mofini.

Wahalifu wanaotia "mchele" katika vinywaji vya watu mabaani hutumia dawa za namna hii, na huko Pwani vijana huzijua baadhi yake kwa jina la bugizi. Mwenzako akilegea kupita kiasi baada ya kinywaji kimoja, usimwache "alale tu". Mlaze ubavu, hakikisha anapumua, kisha mkimbize hospitalini. Daktari ana dawa iitwayo flumazenili ambayo hukalia mahali pale pale pa benzodiazepini na kuizuia isifanye kazi. Lakini nayo yaweza kuleta mtukutiko wa kifafa, hivyo si ya kutumiwa nyumbani.

Usiache ghafla

Ukimeza tembe hizi kila siku kwa majuma kadhaa, ubongo huzoea na vipokezi huzidi kupuuza dawa. Ukiacha ghafla, utulivu hupungua kwa kishindo: utatetemeka, utatoka jasho, utakosa usingizi kuliko awali, na huenda ukapatwa na kifafa. Kipimo hupunguzwa polepole, chini ya uangalizi wa daktari.

Haya hayana maana kwamba dawa hizi ni sumu. Hospitalini, diazepamu huokoa maisha ya watoto na watu wazima ambao kifafa chao kimekataa kukoma. Ni dawa nzuri mikononi mwa anayejua kipimo.

Kwa hivyo, msomaji, usikubali tembe ya jirani na usimpe yako. Mweleze daktari kama unakunywa pombe, hata kama unaona haya. Na wazee nyumbani waangaliwe zaidi, kwani dawa hizi huwafanya wayumbe, waanguke na kuvunjika mifupa.