Msimu Usipokuja: Mafunzo Niliyopata Nyumba Yetu Ilipobaki na Madeni Bila Mshahara

Arusha tunaishi kwa msimu. Familia ya dereva wa watalii inajua kwamba Aprili na Mei, masika yakishika na njia za mbugani zikigeuka tope, hela inakuwa ya shida. Utakopa dukani, utamwomba mwenye nyumba akusogezee kodi, utachukua kidogo kwenye kikundi, na wageni wakianza kujaa Serengeti na Ngorongoro kuanzia Juni na Julai utalipa wote. Mshahara wenyewe ni mdogo. Kinachojenga na kusomesha ni tipu za wageni. Kwa hiyo kwetu deni halikuwa kitu cha kutisha. Lilikuwa daraja la kuvukia masika.

Mwaka 2020 msimu haukuja. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa Machi 16, hapa hapa Arusha. Aprili ndege za abiria kutoka nje zikazuiwa, na hata anga ilipofunguliwa Mei 18, wageni walikuwa wamefungiwa makwao. Watalii waliozidi milioni 1.5 mwaka 2019 walishuka hadi takriban 620,000. Mume wangu aliambiwa akae nyumbani hadi atakapoitwa. Madeni madogo ya masika yakabaki palepale, juu ya makubwa yaliyokuwepo: mkopo wa SACCOS tulioanzia kujenga, mkopo wa benki uliokuwa ukikatwa kwenye mshahara, na ada za watoto. Mimi ni fundi cherehani, na wakati ule hakukuwa na harusi wala sare za kushona.

Ninaandika kwa ajili ya mama ambaye leo yuko pale tulipokuwa, iwe ni kwa kiwanda kufungwa, mkataba kuisha au mume kuugua.

1. Madeni yote yasomwe kwa sauti, wote wawili mkiwepo

Tulichukua kalenda ya mwaka uliopita, tukaigeuza, tukachora mistari nyuma yake. Nani anadai. Kimebaki kiasi gani. Rejesho ni kiasi gani na linaangukia tarehe ngapi. Dhamana ni nini. Mdhamini ni nani. Ile safu ya mwisho watu wengi huiruka, nami nasema ndiyo yenye uzito kuliko zote.

Ilijitokeza mikopo ya simu ambayo mume wangu alikuwa anaibeba peke yake ili nisiumie. Tulikuwa tumekubaliana mapema kwamba jioni ile hakuna kuulizana "kwa nini ulikopa". Mwanaume aliyepoteza kazi anaumia kwa namna ambayo sisi wanawake hatuioni haraka: anaacha kwenda kijiweni, anazima mlio wa simu, anasema ameshakula. Ukimhoji atafunga mdomo, na deni ambalo halijasemwa haliwezi kuingia kwenye hesabu.

2. Anayepiga kelele zaidi si lazima awe wa kwanza kulipwa

Kama ningeruhusiwa kusema jambo moja tu, ningesema hili. Nyumba ikikosa kipato, hela kidogo inayopatikana hufuata kelele. Anayepiga simu alfajiri analipwa, anayekaa kimya anasubiri. Nimeona familia zikipoteza kiwanja kwa utaratibu huo.

Waliotupigia kelele walikuwa wa mikopo ya simu. Simu ilianza kuita kabla chai haijachemka, kila mara namba mpya, vitisho vya polisi na mahakama kwa deni lisilofika laki moja. SACCOS walileta barua moja ya heshima na kunyamaza. Lakini tulipoangalia ile safu ya wadhamini, tuliona kwamba mkopo wa SACCOS ulikuwa umedhaminiwa na kaka yangu na dereva mwenzake mume wangu, ambaye naye alikuwa nyumbani bila kazi. Tukishindwa, akiba zao ndizo zitakazokatwa. Yule dereva ana watoto wanne. Basi deni lililokuwa kimya likapanda juu kabisa.

Mpangilio wetu ulikuwa hivi: chakula na dawa, kodi ya nyumba, kisha deni lenye mdhamini au lenye dhamana ya kiwanja, kisha duka, kisha kikundi, na simu mwisho. Duka liko juu ya kikundi kwa sababu ndiko tulikokuwa tunapata unga. Na kikundi chetu cha VICOBA kilikuwa na njia ya kujiokoa: hisa zangu zilikuwa ndani ya sanduku, nikaomba deni langu likatwe humo siku ya kuvunja kikundi mwezi Desemba. Akina mama walijadili, wakakubali, mwandishi akaandika kwenye kitabu mbele ya wote. Sikupata mgao mwaka ule, lakini hakuna aliyekuja kubeba godoro langu.

Wa simu hawakufurahi. Walituma ujumbe kwa watu walio kwenye simu ya mume wangu, mpaka kwa mama mkwe. Tulikuwa tumeshamwambia yeye na wifi zangu kwamba ujumbe wa namna hiyo utakuja, na kwamba tunalipa kidogokidogo. Ulipofika, mama mkwe alitupigia kutupa pole. Leo hali imebadilika kidogo: kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja hadharani programu na majukwaa 69 ya mikopo ya mtandaoni yaliyokuwa yanafanya kazi bila leseni. Anayetangazwa kwa ndugu zake sasa ana pa kulalamika. Alalamike.

3. Nenda kwa anayekudai kabla hajakuita

Mwenye duka la mtaani kwetu, Mangi, ana daftari la jalada gumu lililofungwa kwa raba. Ukurasa wetu ulikuwa umejaa mpaka pembeni: sukari robo, unga kilo mbili, mafuta kipimo kimoja, sabuni mche, na mwisho wa kila wiki jumla yenye mstari mwekundu. Nilikwenda mchana wakati hakuna wateja. Nikamwambia, "Mangi, kaka yangu, kazi imesimama na sijui itarudi lini. Naomba tufunge ukurasa huu. Deni la zamani nitakulipa elfu mbili kila Jumamosi. Kuanzia leo nitanunua taslimu, hata kama ni nyanya mbili." Alinyamaza muda, kisha akapiga mstari chini ya jumla, tukasaini wote wawili. Aliniambia kwamba watu wengi wenye madeni walikuwa wanazunguka njia ya nyuma ili wasipite mbele ya duka lake, na hilo linamuuma kuliko hela. Tuliendelea kununua kwake, jambo ambalo lilimfaa na yeye, maana naye alikuwa anadaiwa na muuza jumla.

Benki ni vilevile, ila kwa karatasi. Mei 2020 Benki Kuu ilitangaza kwamba itazilegezea masharti benki zitakazopanga upya mikopo ya waliopigwa na korona, kila mkopaji kwa hali yake. Maneno hayo ya mwisho yana maana kwamba hakuna atakayekufuata nyumbani kukupa nafuu. Unaandika barua, unaambatanisha barua ya mwajiri, unataja kiasi unachoweza kulipa kweli. Usitaje kiasi cha kumfurahisha afisa mikopo. Ukishindwa mwezi wa pili, neno lako limekwisha. Uliza pia maswali mawili kabla ya kusaini: rejesho jipya ni kiasi gani, na hadi mwisho nitakuwa nimelipa jumla ya shilingi ngapi. Kusogezewa muda si kusamehewa, riba inaendelea kutembea. Na usome kipengele cha bima ya mkopo. Mikopo mingi ya mshahara ina bima ya kifo na ulemavu wa kudumu, na baadhi inagusa hata kupunguzwa kazini. Yetu haikugusa, lakini jirani yetu mmoja alilipiwa sehemu ya deni kwa kusoma tu ukurasa ambao wengine hatuufungui.

4. Usisaini barua ya kujiuzulu

Wakati ule madereva wengi waliletewa barua tayari imechapwa, kwamba "nimeamua kuacha kazi kwa hiari yangu". Waliambiwa ni utaratibu tu. Mume wangu alikataa kwa adabu, akaomba barua inayosema kweli: kwamba kampuni imempunguza kwa kukosa kazi.

Tofauti ya barua hizo mbili ni chakula cha miezi. Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, anayelipwa kwa mwezi anastahili notisi ya siku 28 au malipo yake, na aliyefanya kazi mwaka mzima au zaidi anastahili kiinua mgongo cha walau mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka alioukamilisha, hadi miaka 10. NSSF nayo ina fao la kukosa ajira: asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita, kwa aliyechangia angalau miezi 18. Aliyejiuzulu hapati. Na anayeona ameachishwa kinyume cha sheria ana siku 30 tu za kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Siku hizo hupita haraka nyumba ikiwa na msiba wa namna hii.

Fao hilo hukokotolewa kwa mshahara uliochangiwa, na tipu hazimo. Kwa dereva ambaye mshahara wake ni 450,000, ni kama 150,000 kwa mwezi. Kwetu ilitosha kodi na unga. Nilishukuru kila ilipoingia.

5. Kausha damu hairudishi damu

Fanya hesabu kwa kalamu. Mkopeshaji wa mtaani, wa mikopo tunayoiita kausha damu, anakupa 100,000, mwisho wa mwezi anataka 130,000. Huna, kwa hiyo unalipa 30,000 ya riba na mtaji unabaki. Baada ya miezi sita umempa 180,000, na bado unadaiwa ile 100,000 kamili. Mkopeshaji mwenye leseni ya daraja la pili chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 hatakiwi kuzidi asilimia 3.5 kwa mwezi, yaani 3,500 kwa laki hiyo hiyo.

Na riba bado ni nafuu ukilinganisha na makaratasi. Wapo wanaoshika kadi yako ya benki na namba yake ya siri. Wapo wanaokusainisha mkataba wa mauziano ya kiwanja badala ya mkataba wa mkopo, ili siku ukichelewa wao wawe wanunuzi. Mmoja aliletwa kwetu na mtu tuliyemheshimu, mkataba mkononi, nafasi ya jina langu ikiwa wazi. Akina mama, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ridhaa ya mwenzi kabla nyumba ya ndoa haijawekwa rehani au kuuzwa. Saini yako ni ukuta. Tulimpa chai, tukamrudishia karatasi zake.

6. Uza mapema, lakini usiuze kinacholisha

Kufikia Agosti mji mzima ulikuwa unauza: magari, friji, makochi, viwanja vya Moshono na Kwa Mrombo. Kila mtu alikuwa muuzaji, mnunuzi haonekani. Pikipiki yetu tuliiuza Mei na hela yote ikaenda SACCOS siku hiyo hiyo kabla haijazoea mfukoni. Cherehani hatukuigusa, ingawa ilikuwa na wateja wawili. Nilishona barakoa, kisha sare shule zilipofunguliwa Juni 29.

7. Watoto waambiwe kweli

Binti yetu alikuwa shule binafsi, darasa la tano. Tulimhamishia shule ya serikali, ambako hakuna ada, ingawa michango ya chakula na sare ipo. Nilimweleza mwenyewe: baba hana kazi, shule hii hailipiwi ada, tutarudi kukaa vizuri lakini sijui lini. Aliuliza kama tutauza na madaftari yake. Kilichomtesa ni hisabati. Alijua majina yote kwa Kiingereza, sasa mwalimu anasema kigawe na kizidisho. Jioni baba yake, ambaye kwa mara ya kwanza alikuwa nyumbani msimu mzima, alikaa naye kwenye ngazi wakatafsiriana.

8. Hela ya kwanza ikirudi, fuata orodha ile ile

Wageni walipoanza kurudi kwa wingi, mwaka 2022, kila mtu alijua. Kengele za simu zikaanza tena, na ndugu nao wana shida zao za kweli. Tulitoa ile kalenda. SACCOS kwanza mpaka ikaisha, ndipo wengine.

Ukimaliza kulipa, usiondoke mikono mitupu. Omba barua ya kumaliza mkopo yenye muhuri, rudishiwa hati kama iliwekwa, hakikisha jina lako limerekebishwa kwenye taasisi za taarifa za mikopo, maana deni lililolipwa linaweza kuendelea kuonekana kama bovu na kukunyima mkopo halali miaka ijayo. Na wadhamini wapelekewe nakala. Yule dereva mwenzake tulimpelekea nyumbani, ili akiba yake ifunguliwe naye aweze kukopa. Mtoto wake mkubwa alikuwa anaingia kidato cha tano muhula ule.