Muuguzi Wetu Akitaka Kusajiliwa Ujerumani: Kamati Imsaidie Nini?



Katika ofisi ya miradi tunazidi kupokea barua za aina moja. Usharika unaandika kwamba kijana wao, aliyesomeshwa uuguzi kwa michango ya washarika au kwa msaada wa usharika rafiki, sasa anataka kwenda kufanya kazi Ujerumani. Wanaomba mambo mawili: barua ya Baba Askofu ya kumtambulisha kwa marafiki wa kule, na ruhusa ya kufanya changizo la nauli. Barua hizo zimeandikwa kwa upendo. Lakini nauli ni jambo la mwisho katika safari hii, na barua ya Baba Askofu, pamoja na heshima yake yote, haimsajili mtu kuwa muuguzi. Kwa hiyo tumeona somo la robo hii liwe juu ya usajili wenyewe, ili kamati zijue fedha na muda wao viende wapi.

Kabla ya kujadili, kamati isome Luka 14:28–30, juu ya mtu anayetaka kujenga mnara. Mtu yule kwanza anaketi. Michango mingi tunayoiona inaanza watu wakiwa wamesimama, wanapiga makofi.

Nani anayesajili

Hapa nyumbani tuna Baraza moja la Uuguzi na Ukunga kwa Tanzania Bara, linalofanya kazi chini ya Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010. Wengi hudhani Ujerumani nako kuna ofisi moja ya namna hiyo. Sivyo. Ujerumani ina majimbo 16, na kila jimbo lina mamlaka yake inayotoa kibali cha kutumia jina la taaluma. Mwombaji hupeleka maombi katika jimbo atakalofanyia kazi. Ndiyo maana watu wawili waliosoma chuo kimoja, mwaka mmoja, wanaweza kupata majibu yasiyofanana, mmoja akiwa Bayern na mwenzake Hamburg.

Jina la taaluma linalotafutwa ni Pflegefachfrau kwa mwanamke na Pflegefachmann kwa mwanaume. Limetumika tangu mwaka 2020, sheria mpya ya uuguzi ilipoanza. Asiye na kibali cha jina hilo anaweza kuajiriwa kama msaidizi tu, kwa mshahara wa msaidizi, hata kama hapa alikuwa msimamizi wa wodi kwa miaka kumi.

Mamlaka inaangalia mambo manne. Afya ya mwombaji iwe inamruhusu kufanya kazi. Asiwe na rekodi mbaya ya jinai au ya kazi. Ajue Kijerumani. Na mafunzo yake yalingane na mafunzo ya Kijerumani. Mambo mawili ya kwanza hayasumbui sana. Cheti cha daktari, cha polisi na uthibitisho wa Baraza letu kwamba leseni yake ni hai na hana shauri la kinidhamu hupatikana kwa kufuatilia. Leseni iliyoachwa ikaisha muda ihuishwe mapema, maana Baraza haliwezi kumthibitisha mtu ambaye kwa hesabu zake hayuko kazini. Mambo mawili ya mwisho ndiyo yanayoamua, na yote mawili hufanyika hapa nyumbani.

Kazi moja, mafunzo tofauti

Hapa tunaomba wasomaji wawe wavumilivu kidogo, kwa sababu ndipo wengi wanapojisikia wamedharauliwa bila sababu.

Mafunzo ya muuguzi Ujerumani ni ya miaka mitatu, yenye saa zisizopungua 4,600: saa 2,100 za darasani na saa 2,500 za vitendo. Stashahada yetu ya uuguzi na ukunga nayo ni ya miaka mitatu. Mtu akitazama miaka ataona tumelingana. Lakini mamlaka haihesabu miaka, inahesabu saa, na inauliza saa hizo zilitumika wapi.

Muuguzi wetu amefundishwa uuguzi na ukunga kwa pamoja. Amezalisha akina mama, ametunza wajauzito, amejifunza uzazi wa mpango, malaria, kifua kikuu, chanjo na afya ya jamii. Kule ukunga ni taaluma nyingine kabisa, yenye shule yake, mtihani wake na usajili wake. Basi sehemu kubwa ya kile anachokijua vizuri kuliko wenzake wa Ujerumani haipati nafasi katika hesabu ya uuguzi. Kwa upande mwingine, mwanafunzi wa Kijerumani analazimika kufanya vitendo hospitalini, katika nyumba ya kutunzia wazee, katika huduma ya kuuguza watu majumbani mwao, kwa watoto na kwa wagonjwa wa akili. Ni mwanafunzi gani wa Ilembula, Machame au Haydom amepelekwa kwenye nyumba ya wazee kwa wiki kadhaa? Bibi zetu tunao nyumbani. Hivyo katika karatasi panaonekana pengo, ingawa msichana huyo huyo amemwuguza bibi yake tangu akiwa darasa la tano.

Mamlaka ikiona mapengo makubwa hutoa barua ambayo wenyewe huiita Defizitbescheid. Tunaliandika neno hili kwa Kijerumani kwa sababu ndilo atakaloliona, na tumeshuhudia familia ikilia kwa kudhani mtoto amekataliwa. Hajakataliwa. Barua hiyo inaorodhesha kilichopungua na kumpa njia mbili za kukijazia. Ya kwanza ni kozi ya kujazia, anayoifanya akiwa kazini chini ya usimamizi, na mwisho wake kuna mazungumzo ya tathmini. Ya pili ni mtihani wa maarifa, wenye sehemu ya mdomo ya dakika 45 hadi 60, na sehemu ya vitendo ambapo anahudumia wagonjwa mbele ya watahini. Akishindwa sehemu moja, anaruhusiwa kuirudia mara moja. Tangu mwaka 2024 mwombaji anaweza pia kuomba asipimwe karatasi zake kwa undani, aende moja kwa moja kwenye mojawapo ya njia hizo. Kwa wale wenye transkripti dhaifu ni jambo jema. Kwa mwenye karatasi nzuri na uzoefu mrefu, tunamshauri asikimbilie, kwa sababu karatasi zake zinaweza kumpunguzia kazi.

Karatasi zinazotengenezwa hapa

Transkripti zetu huonyesha masomo, krediti na alama. Kule wanataka saa: anatomia saa ngapi, wodi ya upasuaji wiki ngapi, magonjwa ya akili wapi na kwa muda gani. Mwenye taarifa hizo ni chuo alichosoma, na mara nyingi zimo katika mtaala na katika daftari la vitendo. Mwombaji aende chuoni mwenyewe, aombe barua inayoeleza saa za nadharia na za vitendo kwa kila eneo, yenye sahihi na mhuri. Akisubiri hadi aombwe na mamlaka akiwa tayari yuko Ulaya, atakuwa anampigia simu mdogo wake aende kumtafuta mkuu wa chuo aliyestaafu.

Pili ni barua za uzoefu. Sheria ya Ujerumani inaruhusu uzoefu wa kazi kuziba pengo la mafunzo, lakini ni uzoefu ulioandikwa. Barua inayosema kwamba ndugu fulani ni mchapakazi, mwaminifu na Mkristo mzuri haizibi chochote. Inayofaa inataja tarehe ya kuanza na kumaliza, wodi moja moja, saa kwa wiki, na kazi alizokuwa akifanya: kutunza vidonda, wagonjwa wa kisukari, waliopooza, wazee. Tunawaomba waganga wafawidhi na makatibu wa hospitali za Kanisa waanze kuandika barua za namna hii kwa kila mfanyakazi anayehama, awe anakwenda Ulaya au Dodoma.

Baada ya hapo nyaraka hutafsiriwa kwa Kijerumani na mtafsiri anayetambuliwa, na nakala kuthibitishwa kama jimbo husika linavyoagiza. Mamlaka ina muda uliowekwa kisheria wa kujibu, tangu siku nyaraka zinapokamilika. Neno zito hapo ni kukamilika. Kuna ofisi ya ushauri huko Bonn iliyoanzishwa mwaka 2020 kwa ajili ya waombaji walio nje ya Ujerumani, nayo husaidia kujua jimbo gani linataka nini. Ushauri wake haulipiwi.

Lugha

Kiwango kinachotakiwa kwa usajili ni B2, yaani cha nne kutoka chini ukianzia A1. Kwa mtu anayeanza bila neno hata moja, hesabu mwaka mzima au zaidi wa kusoma kila siku. Goethe-Institut ya Dar es Salaam hufundisha na kutahini, lakini mwombaji wa Bumbuli au Ndolage anahitaji pia mahali pa kulala Dar na chakula, na hiyo ndiyo gharama inayowaangusha wengi. Tungependa kuona kamati zikichangia hapa kuliko kwenye nauli. Wapo wanaosafiri wakiwa na B1, kwa viza ya kukamilisha utambuzi wa taaluma, na kumalizia lugha huko wakiwa wasaidizi. Inawezekana, ila ni kusoma usiku baada ya zamu, wakati wa baridi, na familia nyumbani inasubiri fedha.

Marafiki zetu wa Ujerumani wanaosoma jarida hili wanaweza kusaidia kwa jambo dogo lisilo na gharama. Muuguzi mstaafu katika usharika rafiki azungumze na mwombaji wetu saa moja kwa wiki kwa simu ya intaneti, juu ya mambo ya wodini tu. Na ikiwezekana awe mtu wa kijijini, kwa sababu Kijerumani cha darasani ni kimoja, na cha bibi wa Bayern anayeomba chai ni kingine.

Tahadhari juu ya mawakala

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya, na Tanzania imo. Kanuni za ajira za Ujerumani zinakataza mawakala binafsi kuajiri wauguzi kutoka nchi za orodha hiyo. Kazi hiyo imeachiwa ofisi ya ajira ya serikali yao. Muuguzi mwenyewe hajakatazwa. Anaweza kutafuta mwajiri na kuomba kwa hiari yake. Lakini anayepita kwenye kwaya na vyuo akikusanya "ada ya usajili" kwa ahadi ya kazi Ujerumani, ameshakwenda kinyume na kanuni hizo kabla hata hajapokea shilingi. Katika usharika mmoja wa dayosisi yetu familia iliuza shamba la kahawa kumlipa mtu wa namna hiyo. Shamba halijarudi.

Mkataba wa kazi nao usomwe na mtu anayejua Kijerumani kabla ya kutiwa sahihi. Mikataba mingine humtaka muuguzi arudishe gharama za kozi na safari akiacha kazi kabla ya muda fulani. Kiasi hicho na muda huo vijulikane mapema.

Je, tunapoteza?

Wafadhili wametuuliza swali hili wazi, na wana haki. Waliyemsomesha ili ahudumie wodi ya Kanisa, leo anaondoka. Hatutaki kulifunika. Ipo hospitali ya Kanisa ambamo usiku muuguzi mmoja anaangalia wagonjwa wengi kuliko inavyofaa, na akiondoka huyo, wanaoumia ni maskini. Hata hivyo ni lazima tuseme mengine mawili. Wauguzi wengi waliotuacha hawakwenda Ulaya, walikwenda serikalini, palipokuwa na mshahara wa uhakika na pensheni. Na wako vijana wenye leseni waliokaa nyumbani bila ajira kwa sababu hospitali haina fedha ya kuwalipa, siyo kwa sababu wagonjwa hawapo. Kumzuia kijana wa namna hiyo asiondoke hakuongezi muuguzi wodini.

Msimamo wetu ni kwamba anayedaiwa utumishi na mkataba wa ufadhili aumalize kwanza, na miaka hiyo ndiyo itakayompa barua ya uzoefu. Asiyedaiwa asaidiwe kuandaa karatasi na lugha, asije akaishi miaka mitatu ugenini kama msaidizi kwa kukosa mhuri wa chuo.

Maswali kwa kamati

1. Katika usharika wetu, ni wauguzi wangapi waliosomeshwa kwa michango, na leo wako wapi? Andikeni majina na leseni zilizo hai.
2. Mkataba wa ufadhili tunaoutumia unasema nini juu ya miaka ya utumishi? Mwanafunzi na mzazi waliusoma kabla ya kutia sahihi?
3. Tukiwa na shilingi laki tano za kumsaidia mwombaji mmoja, zifanye kazi gani kwanza?
4. Muuguzi wa kujitolea kutoka usharika rafiki anapokuja kwetu, naye anatakiwa kupata usajili wa muda katika Baraza letu. Nani katika kamati anamsaidia kuandaa nyaraka zake?

Majibu ya swali la kwanza na la pili yaletwe ofisi ya miradi kupitia kwa wakuu wa majimbo kabla ya kikao kijacho cha bajeti, kwa kuwa yatatumika kupanga ufadhili wa wanafunzi wapya.