Linda Mti Kabla Lori la Kwanza Halijafika

Chukua mfano wa shule ya msingi inayojengewa madarasa mawili. Kamati ya shule imekubaliana na mkandarasi kwamba mti mkubwa wa silibwet ulio karibu na lango usikatwe, kwa kuwa watoto hukaa kivulini mwake. Kweli, hakuna anayeukata. Lakini lori linamwaga mchanga chini yake, mafundi wanachanganya saruji kando ya shina, na mtaro wa bomba la maji unapita hatua mbili kutoka hapo. Siku ya ufunguzi mti bado una majani. Miaka mitatu au minne baadaye matawi ya juu yanaanza kukauka, na lawama zinaenda kwa mchwa au kiangazi.

Kosa liko ardhini. Wengi hudhani mizizi hushuka chini kabisa, kana kwamba mti una mti mwingine uliogeuzwa chini yake. Sehemu kubwa ya mizizi imo katika sentimita 60 za juu za udongo, nayo huenea mbali kuliko matawi. Mizizi myembamba ndiyo inayofyonza maji, na inahitaji hewa. Huku Kericho na Bomet, ambako mvua hunyesha karibu mwaka mzima, udongo mwekundu uliolowa hushindiliwa upesi na magurudumu ya lori hadi nafasi za hewa zinafungwa. Kurundika udongo juu ya mizizi ili kusawazisha kiwanja huleta madhara hayo hayo.

Kuhusu saruji, mkulima wa chai ataelewa haraka. Chai hupenda udongo wenye asidi, na miti mingi ya eneo hili imezoea udongo huo huo. Maji yanayotoka kwenye mashine ya kuchanganyia zege yana alkali kali sana. Yakimwagwa penye mizizi kila jioni kwa miezi mitatu, mti hauna pa kukimbilia.

Ni umbali gani basi unaotosha? Kipimo kinachotumiwa na wataalamu wa Uingereza, na kinachofaa hata hapa, ni kuzidisha kipenyo cha shina mara 12, shina likipimwa mita moja na nusu kutoka ardhini. Shina lenye kipenyo cha sentimita 40 linahitaji karibu mita 5 kila upande. Asiyetaka hesabu atumie kamba: aizungushe kwenye shina mara moja, kisha apime urefu huo mara nne kutoka kwenye shina kwenda nje. Hapo ndipo uzio unapowekwa. Kwa miti minene sana, mita 15 huchukuliwa kuwa mwisho.

Uzio uwe wa nguzo na mbao au mabati, si utepe wa plastiki ambao fundi anauruka. Usimame kabla vifaa havijaletwa. Ndani yake kusiwekwe kokoto, mafuta, moto wa kupikia chai ya mafundi, wala gari la mhandisi linalotafuta kivuli. Mtaro ukilazimika kupita humo, uchimbwe kwa mkono na bomba lipitishwe chini ya mizizi. Mzizi wenye unene wa sentimita mbili na nusu au zaidi usikatwe bila ushauri wa mtaalamu wa miti. Mti uliokatwa mizizi ya upande mmja hushikwa na udongo kidogo tu, na upepo mkali unaokuja na mvua ya mawe unaweza kuulaza juu ya darasa lile lile jipya.

Wakati mwingine ni mchoro unaopaswa kusogea. Novemba 2020, mugumo mkubwa ulio Westlands, Nairobi, ulikuwa katika njia ya barabara mpya ya juu. Watetezi wa mazingira walipinga kung'olewa kwake, na agizo la Rais Uhuru Kenyatta likauokoa. Barabara ikajengwa, na mugumo ukabaki. Si kila mti utapata agizo la Rais, na ndiyo sababu jambo hili linafaa kumalizwa mezani. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inataka ujenzi upate idhini ya kaunti, na miradi mingi mikubwa huhitaji pia leseni ya NEMA. Miti ichorwe kwenye ramani katika hatua hiyo, na uzio uandikwe kwenye mkataba pamoja na bei yake. Kazi isiyo na bei haifanywi.

Kuna wanaosema mti mmoja hulipwa kwa miche mia. Lengo la taifa la kupanda miti bilioni 15 kufikia 2032 ni jema, lakini mche wa grevilea uliopandwa leo hautampa mwanafunzi wa sasa kivuli kama cha mti mkubwa kabla hajamaliza shule.

Mti ambao tayari umeumizwa usaidiwe mapema. Rundo liondolewe kwa mkono, udongo ulioshindiliwa utobolewe taratibu kwa uma wa shamba, kisha ufunikwe kwa majani makavu yasiyogusa shina. Umwagiliwe Januari na Februari kukiwa kavu. Tawi kubwa likikauka, ofisi ya Huduma ya Misitu ya Kenya iliyo karibu iulizwe kabla ya mtu kupanda na panga. Uzio nao hutolewa mwisho kabisa, baada ya lori la mwisho la kifusi kutoka langoni.